Jiwe Nililolipeleka Jamhuri

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za duka, ndoo mbili, kipima chumvi na aproni ambayo haikuweza tena kuitwa nyeupe. Ninyi mliobaki dukani mliniomba niwaachie maneno machache kwenye karatasi. Machache hayakutosha. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, kwa sababu zingeisha kabla kalamu haijapata joto. Nitaandika kuhusu maji, mawe, mtu aliyenifundisha kazi, na nyumba moja ya mtaa wa Jamhuri.

Naitwa Mwikali. Nilizaliwa Kitui, mahali ambapo kuteka maji ya kunywa kulikuwa shughuli ya nusu siku, na bahari nilikuwa naijua kwenye ramani tu. Nilikuja Nairobi nikitafuta kazi ya kuuza nguo, nikapata ya kupiga deki katika duka la samaki wa mapambo, kwenye kichochoro nyuma ya River Road. Mwenye duka alikuwa Mzee Shee, mtu wa Lamu, mrefu, mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono na miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza hakunipa ufagio. Alinipa kiti, akakiweka mbele ya tangi la maji ya chumvi.

"Kaa hapa mpaka adhuhuri, mwanangu. Kisha uniambie nini kimebadilika."

Nilikaa. Adhuhuri ilipofika akauliza nimeona nini.

"Samaki wanaogelea."

"Hilo hata askari wa benki pale nje analijua. Rudi ukakae."

Kufikia alasiri nilimwambia kwamba konokono mmoja amehama kutoka kioo cha kushoto hadi kwenye bomba, na kwamba shimo fulani kwenye jiwe lilikuwa wazi asubuhi, lakini sasa lina changarawe mlangoni.

"Nani kaziweka?"

"Sijui, Mzee."

"Vizuri," akasema, na hapo ndipo aliponipa ufagio.

Nilidhani ananichezea. Baada ya miaka michache nilielewa kwamba alikuwa amenifundisha nusu ya kazi siku hiyo hiyo. Nusu ya pili ni ndoo.

Kwa wale wageni kabisa kati yenu, nieleze jinsi tangi la kwanza la mtu linavyojengwa, maana wateja hudhani ni kioo, maji, samaki, basi. Anza na meza. Tangi la urefu wa mita moja na nusu likijaa maji na mawe lina uzito wa ng'ombe, na ng'ombe huyo hatashuka hapo mezani kwa miaka kumi. Weka pima maji ya waashi juu ya meza, kisha juu ya kioo, kisha tena baada ya kujaza. Maji ya bomba yapitishwe kwenye chujio kwanza. Chumvi ya bahari iwekwe kwenye pipa, izungushwe na pampu siku nzima, ipimwe, ndipo imiminwe. Usiichanganye ndani ya tangi lenye viumbe. Nimeona mtu akifanya hivyo Parklands na sitaki kusimulia. Hita ni lazima, kwa sababu Julai ya Nairobi haina huruma kwa samaki wa Malindi. Na kwa kuwa tuko juu sana huku na hewa ni nyepesi, pampu zielekezwe juu ili uso wa maji utikisike kila wakati. Ukiona maji yametulia kama chai kwenye kikombe, jua samaki wanahema.

Kisha weka mchanga, na mawe. Haya ndiyo tunayoyaita mawe hai, kwa sababu yametoka baharini na wakazi wake: vijidudu visivyoonekana vinavyosafisha maji, sifongo, kaa wadogo, matumbawe madogo. Ukishayaweka, subiri. Tangi linapoiva hunuka, kioo huwa cha kahawia, mteja hupiga simu kila asubuhi. Mwambie asubiri. Wiki nne, wiki sita, mpaka vipimo vya amonia viwe safi. Ndipo samaki mmoja aingie.

Mzee Shee alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote. Jiwe likishuka kutoka kwa msambazaji wetu wa pwani, lilikaa wiki sita kwenye mapipa ya stoo, gizani, na kila pipa lilibandikwa utepe wenye tarehe. Kila baada ya siku chache tulizima pampu, tukaweka kipande cha nyama ya kamba wa baharini mlangoni mwa shimo, tukamulika kwa tochi nyekundu, kwa kuwa viumbe wengi wa mashimoni hawaoni mwanga mwekundu.

"Jiwe hili ni nyumba ya watu," alikuwa akisema. "Hujui nani kalala chumbani."

Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka zaidi ya ishirini, na ni mimi niliyekuwa nikijenga matangi yote ya majumbani, Salma alipokuja dukani. Salma alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa Jamhuri, kando ya Ngong Road. Alikuwa amemchukua mamake kutoka Mombasa. Bi Rukia, mamake, alikuwa na maradhi ya macho ambayo yalikuwa yamemwachia kitu kimoja tu: aliona mwanga na kivuli. Nyuso alikuwa hazioni tena. Daktari alisema kitu chenye mwanga mkali, chenye vitu vinavyopita mbele yake, kingeweza kumpa la kutazama.

"Televisheni anasema inampigia kelele," Salma aliniambia. "Nataka kumwekea kipande cha bahari sebuleni. Lakini kiwe tayari kabla ya Idi, ndugu zangu wote wanakuja."

Nilihesabu wiki nikaona hazitoshi. Nilipaswa kusema hivyo. Nikasema nitajaribu.

Tangi lilijengwa vizuri, hilo naweza kuapa. Meza ilikuwa sawa kila upande, maji yalikuwa safi, taa zilikuwa za buluu na nyeupe za kupendeza. Tatizo lilikuwa mawe. Mawe ya zamani hayakutosha, na jiwe zuri kuliko yote, lenye pango katikati na matundu kama ya ubao ulioliwa na mchwa, lilikuwa limeingia stoo siku tisa tu zilizopita. Mzee Shee alikuwa amekwenda Lamu kwenye matanga. Nilisimama mbele ya pipa lile, nikabandua utepe wake, nikabandika wenye tarehe ya zamani. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu.

Idi ilifika, wageni wakaja, tangi likasifiwa. Wiki chache baadaye maji yalipopimwa yakaonekana safi, nikaingiza samaki saba: vitatange wawili, kangaja mmoja, na wanne wadogo wa rangi ya chungwa. Bi Rukia aliwekewa kiti cha mbao mbele ya kioo. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, leso begani, mikono imetulia mapajani. Kila nilipokwenda kubadilisha maji alinipa hesabu, yeye asiyeona, mimi niliyeona.

"Mmoja mpana hupita polepole kama mtu anayetafuta kitu sokoni," alisema. "Wale wadogo hawana adabu. Mwembamba hunijia mpaka kwenye kioo."

Siku moja nilimkuta amekaa na kiti kimesogezwa nyuma hatua mbili.

"Mwikali, jana walikuwa saba. Leo ni sita."

Nilitafuta. Nilitazama nyuma ya mawe, ndani ya tangi la chini lenye chujio, sakafuni, chini ya sofa, kwa sababu samaki huruka. Sikuona mwiba wala gamba. Nilimwambia labda amejificha.

"Hajajificha," Bi Rukia alisema. "Kachukuliwa. Kuna mkono unatoka kwenye jiwe."

Salma alikuwa mlangoni amebeba chai. Aliweka sinia chini taratibu mno.

Wiki iliyofuata walikuwa watano, kisha wanne. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: mzima jana, leo hayupo, na maji safi kama hakuna kilichotokea. Nilikuta kipande cha tumbawe kimeng'olewa mahali nilipokibandika na kuingizwa nusu ndani ya pango, kama mtu aliyeziba mlango kwa meza. Nilikibandika tena. Nilipokwenda mara nyingine kilikuwa kimerudishwa pale pale, kwa pembe ile ile. Bi Rukia alisema anasikia mtu akivuta shuka humo ndani. Mimi nilisikia pampu.

Siku hiyo Salma alinivuta jikoni, akafunga mlango.

"Niambie ukweli. Mama nimemkuta asubuhi na mkono wa gauni umelowa mpaka kwenye kiwiko. Na kidole kimekatwa. Nikimwuliza anasema alitaka kuunyang'anya ule mkono samaki. Mwikali, anaweza kuwa anawatoa yeye? Anawatoa, anawatupa, halafu hakumbuki?"

Nilijua jiwe lile lilikaa stoo siku tisa tu. Nilijua pia kwamba nikisema hivyo, litaulizwa la utepe, na Mzee Shee atalijua.

"Inawezekana," nikasema.

Niliyatamka hayo nikiwa nimeshika kikombe cha chai yao.

Nilirudi baada ya wiki mbili, Jumatano, mchana wenye mawingu mazito. Salma alinifungulia mlango akiwa na mkoba tayari begani. Alikuwa anarudi mjini dukani. Aliniachia funguo mbili. Moja ilikuwa ya sebule.

"Siku hizi naifunga," alisema bila kunitazama. "Daktari wa akili tumepewa nafasi mwezi ujao. Mpaka wakati huo sitaki asogelee lile tangi. Yuko chumbani. Hali chakula vizuri, lakini atazoea."

Aliondoka. Nilifungua sebule. Kiti cha mbao kilikuwa kimegeuzwa kuelekea ukutani. Ndani ya tangi alibaki kangaja peke yake, amejibanza kwenye kona ya juu kabisa, pua karibu na hewa, na hakushuka hata nilipotia chakula. Katika kazi hii samaki akikataa kushuka chini, msimlaumu.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka chumbani.

"Ni mimi, Bibi. Mwikali, fundi wa samaki."

"Nipe dakika tano tu. Humu ndani hamna mwanga, mwanangu. Ni kama kuzikwa kabla ya siku."

Nilimshika mkono, nikamleta, nikageuza kiti. Nilipomkalisha niliona kidole. Hakikuwa kimekatwa. Kilikuwa na vidonda viwili vidogo vinavyotazamana, kimoja kila upande wa kidole, kama vya kitu kinachofunga. Nilikishika kwa muda mrefu. Kisu hakiachi alama za namna hiyo.

"Ilikuwa ngumu au laini?" nikauliza.

"Mwili laini kama hariri. Mdomo kama koleo. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hilo."

Mvua ilianza kupiga mabati ya karakana ya jirani, mara moja na kwa nguvu. Kisha stima ikapotea.

Nyumba yenye tangi huwa haina kimya. Pampu hunguruma, maji humwagika, feni huzunguka, na baada ya muda masikio huzoea yakadhani hicho ndicho kimya. Vyote vilikata pamoja. Taa ya buluu ilizimika na sebule ikawa rangi ya jivu. Hata mvua ilionekana kuwa mbali. Nilianza kuinuka kutafuta pampu ya betri kwenye mkoba wangu, lakini Bi Rukia akanishika kiganja.

"Haya," akanong'ona. "Sasa nyamaza."

Tulinyamaza. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia mchanga. Ulikuwa mkwaruzo mrefu, wa polepole, unaoanza upande wa kushoto wa tangi na kuendelea, na kuendelea, muda mrefu kupita kiumbe chochote nilichokiweka humo. Ndivyo hasa alivyosema: mtu anavuta shuka nzito sakafuni. Kisha ukanyamaza, na jiwe likagonga jiwe mara moja. Kangaja alijirusha juu ya maji, akaanguka. Niliona, kwa ule mwanga wa jivu, tumbawe lililoziba pango likisogea ndani kidogo, kama mlango unaovutwa na mtu aliye upande wa pili.

Nywele zilinisimama. Si kwa sababu ya kile kilichokuwa kwenye jiwe. Nilikuwa nimekaa kando ya mwanamke mwenye akili zake timamu, na nilikuwa nimemzika.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia, Bibi."

Aliachia kiganja changu, akajifuta macho kwa pembe ya leso. Niliwasha pampu ya betri, tukakaa mpaka stima iliporudi.

Salma aliporudi jioni alitukuta tumekaa pamoja. Alifungua mdomo nikamtangulia. Nilimwambia mbele ya mamake: kwamba jiwe lilitakiwa kukaa wiki sita nikalitoa kwa siku tisa, kwamba nilibadilisha utepe, na kwamba aliponiuliza jikoni nilisema inawezekana kwa sababu niliogopa. Maneno yalikuwa machache. Yalikuwa yametulia tumboni mwangu majuma, na yalipotoka hayakujaza hata kijiko.

Salma alikaa kwenye mkono wa sofa na buibui lake likiwa limelowa mvua.

"Nilimfungia mamangu mlango kwa neno lako," alisema.

"Ndiyo."

"Toka nyumbani kwangu."

"Mwache," Bi Rukia alisema. "Atoke nani? Nani atamtoa yule?"

Msishangae kwamba hakuna aliyecheka.

Nilimpigia Mzee Shee simu nikiwa nimesimama kwenye veranda yao. Alikuwa amesharudi kutoka Lamu. Nilimweleza yote, pamoja na la utepe.

"Kesho saa tatu asubuhi," akasema. "Beba tochi nyekundu, sindano kubwa, na chupa nne za maji ya soda yasiyo na sukari. Mimi nitaleta kamba wa kumtegea." Kisha, kabla ya kukata simu: "Miaka yote hii, Mwikali. Sheria moja tu."

Asubuhi ile tulitengeneza usiku. Tulifunga mapazia, tukazima taa za tangi na pampu zote, tukalifunika tangi kwa mablanketi mawili na leso za Bi Rukia. Mzee Shee na mimi tuliingiza vichwa chini ya blanketi, kama wapiga picha wa zamani, na Salma naye akaja, kwa sababu alisema asipoona kwa macho yake hatalala tena nyumba hiyo. Mzee alifunga kipande cha nyama ya kamba kwenye kijiti kirefu, akakishikilia mbele ya pango. Niliwasha tochi. Kila kitu kikawa chekundu. Chini ya blanketi kulikuwa na joto la pumzi zetu na harufu ya chumvi.

Tulisubiri. Bi Rukia, kwenye kiti chake, alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Bado. Bado." Sijui alikuwa anasikia nini.

Kisha akasema, "Huyo."

Tumbawe lilisogea. Antena tano zikatoka kwenye giza la pango, nyembamba, zikipapasa hewa ambayo haikuwa hewa. Zikasimama. Nyuma yake kikaja kichwa chenye unene wa kidole gumba changu, na nyuma ya kichwa mwili wenye pingili nyingi, kila pingili ikimetameta kama mafuta juu ya dimbwi la gereji. Mnyoo. Alitoka taratibu, shibiri moja, shibiri mbili, bila haraka yoyote, akaja mpaka kwenye nyama na kusimama mbele yake. Hakuwa na macho niliyoweza kuyaona, lakini Salma alirudi nyuma kana kwamba ametazamwa. Taya zilifunguka kando kwa kando. Sikuziona zikifunga. Niliona kijiti kikitetemeka, nyama haipo, na pango tupu.

"Ya Rabi," Salma alisema. Alitoka chini ya blanketi, na nikasikia magoti yake yakigonga sakafu mbele ya kiti cha mbao. "Mama. Mama, ni kweli. Mkono upo. Ni kweli."

"Najua ni kweli," Bi Rukia alisema. "Mimi nilikuwepo."

Tulilitoa jiwe lote, tukaliweka kwenye karai kubwa. Salma alikuja na sufuria ya maji yanayochemka akitaka kulimwagia, nami nikamzuia kwa mikono miwili. Andikeni hili ukutani dukani: jiwe lenye matumbawe haliguswi na maji ya moto. Yapo matumbawe yenye sumu, na mvuke wake unaweza kuwaangusha wote walio chumbani. Badala yake Mzee Shee alijaza sindano maji ya soda, ambayo gesi yake huwafukuza wakazi wa mashimoni, akayaingiza tundu moja baada ya jingine, kwa subira ya mtu anayemwagilia miche. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha mnyoo akaanza kujimwaga nje kwa hiari yake. Alitoka, akatoka, akatoka. Nilihamisha kila shibiri kwenye beseni la maji ya bahari, na alipokwisha kutoka alikuwa amelizunguka beseni mara mbili na bado ana mkia wa kulaza katikati.

Mzee Shee alivua miwani akaifuta. "Huyu si wa siku tisa wala wiki sita," alisema. "Huyu ana miaka. Huenda wiki sita angetukalia kimya, tusimjue." Alinitazama. "Huenda. Lakini hukumpa nafasi ya kujulikana."

Hakusema tena neno juu ya jambo hilo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Ningependelea angenipigia kelele.

Salma aliuliza tunamwuaje. Mzee alisema maji baridi yasiyo na chumvi yanatosha. Nilishika mtungi.

"Kwa kosa gani?" Bi Rukia akauliza.

Tulimgeukia sote.

"Kala samaki. Mimi pia nala samaki. Mmemtoa kwao bila kumwuliza, mmemleta kwenye nyumba ya watu, mkamweka gizani, na alipofanya vitu vyake mkasema nyumba ina wazimu." Alinyoosha mkono hewani, upande wa Salma, mpaka binti yake akaushika. "Mwekeeni tangi lake."

Mnajua Salma angeweza kukataa. Lakini hakuwa na uwezo wa kumkatalia mamake kitu siku hiyo, wala nadhani siku nyingine yoyote baadaye. Komeo la kufuli kwenye mlango wa sebule aliling'oa kwa bisibisi yangu jioni ile, akaziba matundu ya skrubu kwa nta.

Kwa hiyo wale mnaoshika njia zangu za Ngong Road mtakuta nyumbani kwa Salma matangi mawili. Kubwa lina samaki, na linapendeza, hilo mtalijua. Dogo liko kando ya kiti cha mbao, lina mchanga wa kina kirefu, bomba la plastiki na kifuniko chenye vibanio vinne. Wageni hudhani ni tupu. Badilisheni maji yake kila wiki mbili, na mikono yenu ikae nje. Miaka hii yote nilifanya hivyo, lakini kumlisha sikumlisha hata mara moja. Bi Rukia alikuwa akimlisha mwenyewe, kwa kijiti, kila Jumatano, na mimi nilijitia shughuli na ndoo upande wa pili wa chumba.

Jumatano yangu ya mwisho nilikwenda kuaga. Mwanga umemtoka kabisa sasa, amebaki na giza tupu, lakini hukaa pale pale. Salma alikuwa ametuletea chai na viazi karai. Bi Rukia alisikiliza tangi dogo kwa muda, kisha akaninyooshea kijiti chenye nyama ya kamba.

"Leo shika wewe."

Nilitaka kusema nina haraka. Nilifungua vibanio, nikatumbukiza kijiti, nikangoja huku pampu zikinguruma na mchanga ukiwa umetulia kabisa. Kisha kitu kilikuja upande wa pili na kuvuta. Hakikupokonya. Kilivuta polepole, kwa nguvu ambayo sikuitarajia, kama mtu anayejaribu uzito wa mlango, na mkono wangu ukateremka mpaka kifundo kikagusa maji.

Bi Rukia alikuwa amekishika kijiti pia, juu kidogo ya vidole vyangu. Alitabasamu.

"Umeona," alisema, "alivyokua."

Sikukiachia.